Inveta ya gari la haibridi: jinsi ya kuipima kabla ya kukimbilia Kisekka

Pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi ya Prius au Aqua, neno la kwanza kutoka gerejini mara nyingi ni "inveta", boksi linalougeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota, na safari inayofuata ni Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, kutafuta nyingine ya mtumba. Shida ni kwamba pembetatu hiyo hiyo huwashwa na betri ndogo iliyochoka, pampu ya kulanti (maji ya kupoza) iliyosimama, panya aliyetafuna waya, au oili isiyofaa iliyotiwa kwenye kompresa ya AC. Na hata inveta ikiwa imekufa kweli, kilichoiua kinaweza kuwa bado kimo ndani ya gari, kikiisubiri hiyo utakayoifunga. Kwa hiyo hapa tunaanza na vitu vya bei ndogo vinavyoidanganya skana, tunazitenga sehemu za umeme mkubwa moja baada ya nyingine, na inveta yenyewe tunaihukumu mwisho, kwa vipimo.

Mifano yote ni ya Toyota: Prius ya kizazi cha 2 (2003 hadi 2009), Prius ya kizazi cha 3 (2009 hadi 2015), Aqua, na Corolla Fielder ya haibridi inayotumia mfumo wa volti sawa na wa Aqua. Kanuni za upimaji zinafaa hata kwa magari mengine, ila volti na namba za hitilafu hubadilika.

Kilichomo ndani ya boksi

Chini ya boneti kuna boksi la aluminiamu lenye kebo nene za rangi ya chungwa. Watu huliita inveta, lakini ndani yake mna mitambo kadhaa, na kila mmoja hufa kwa namna yake.

Wa kwanza ni kipandisha volti. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha 2 na cha 3 ina moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6. Ya Aqua ina moduli 20, yaani volti 144. Kipandisha volti huuchukua umeme huo na kuusukuma hadi volti 500 kwenye kizazi cha 2, 650 kwenye kizazi cha 3, na 520 kwenye Aqua. Wa pili na wa tatu ni inveta mbili zenyewe, kila moja ikiwa na transista kubwa aina ya IGBT zinazougeuza umeme wa DC kuwa wa njia tatu: U, V na W. Moja inaendesha MG1, nyingine MG2, yaani mota mbili za gari ambazo pia ni jenereta. Wa nne ni kigeuzi cha kushusha volti, kinachochaji betri ndogo ya volti 12, kwa sababu gari hili halina alteneta. Juu ya hao kuna kapasita kubwa inayohifadhi umeme hata baada ya gari kuzimwa, na ndiyo inayoweza kukuua.

Shika tofauti ya MG1 na MG2, maana inakuokolea muda. MG1 huwasha injini na kuzalisha umeme. MG2 ndiyo inayosukuma magurudumu. Gari likigoma kuwasha injini, anza kuushuku upande wa MG1. Injini ikiunguruma lakini gari halisogei, au ukilisukuma kwa mkono linakwamakwama hata gia ikiwa N, shuku MG2 au transista za upande wake zilizopiga shoti.

Usalama, na hapa hakuna njia ya mkato

Volti 200 za DC haziachi mkono. Unahitaji glavu za mpira za daraja 0, za kutumika hadi volti 1000, na glavu za ngozi juu yake. Za mpira za kuoshea vyombo si mbadala. Kila unapotaka kuzivaa, zijaze hewa, kunja mdomo, bana na usikilize: hewa ikitoka hata kidogo, tupa. Unahitaji pia multimita yenye alama ya CAT III 1000V. Zile za bei ya chini za manjano zinazouzwa barabarani zinaweza kupasuka mkononi.

Fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Andika au piga picha misimbo yote ya hitilafu kwanza. Ukikata umeme, baadhi ya taarifa hupotea.
2. Fungua buti na uiache wazi. Kwenye Prius buti hufunguliwa kwa umeme, na betri ndogo imo humo humo. Ukikata waya kisha buti ikajifunga, utaingia kwa kutambaa juu ya viti.
3. Zima gari, weka ufunguo mbali nalo mita kadhaa, kisha toa waya hasi wa betri ndogo.
4. Ukiwa umevaa glavu, chomoa plagi ya rangi ya chungwa ya kukata umeme mkubwa. Kwenye Prius iko nyuma kushoto ndani ya buti. Kwenye Aqua iko kwenye betri chini ya kiti cha nyuma. Itie mfukoni mwako, usiiache kwenye kiti: fundi mwenzako anaweza kuirudisha wakati mikono yako imo ndani.
5. Subiri dakika 10. Zipime kwa saa.
6. Fungua kifuniko cha inveta ukiwa bado na glavu. Kwanza jaribu multimita yako kwenye betri yoyote ya volti 12 uone kama inasoma. Kisha pima kati ya chanya na hasi ya umeme mkubwa, kati ya U, V na W, na kati ya kila moja na bodi ya gari. Zote zisome 0. Rudi tena kwenye ile betri ya volti 12 uhakikishe multimita haijafa katikati ya kazi.

Usipopata 0, funga na usubiri zaidi. Na ujue kwamba betri kubwa yenyewe haizimiki: kuchomoa plagi kunaikata katikati, lakini ndani ya sanduku lake umeme ungali upo.

Jambo jingine huharibika kabla gari halijafika gereji. Gari la aina hii likikwama Mabira au kwenye mlima wa kwenda Kabale, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. MG2 imeungwa na magurudumu moja kwa moja. Ikizungushwa, inazalisha umeme na kuurudisha kwenye inveta ambayo pengine tayari ina shoti. Libebwe juu ya lori, au lau sivyo magurudumu ya mbele yainuliwe.

Hatua ya 1: betri ndogo ya volti 12

Anza hapa hata kama mteja anaapa kwamba betri ni mpya. Kompyuta za inveta na za mfumo wa haibridi zinakula umeme wa volti 12. Ukishuka, zinakosa mawasiliano na kumwaga misimbo ya kutisha isiyo na maana.

Pima betri baada ya gari kukaa usiku kucha. Volti 12.6 ni nzima. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza au weka nyingine, futa misimbo, halafu uone kipi kinarudi. Kisha washa gari hadi neno READY litokee na upime tena: iwe kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya ndani na kipasha kioo cha nyuma kwa pamoja, na isishuke chini ya 13.

Ikibaki 12.3 na kuendelea kuteremka, kigeuzi cha kushusha volti hakichaji, na msimbo wake wa kawaida ni P0A08. Usiseme bado kwamba inveta imekufa. Angalia fyuzi kubwa ya mstari huo kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Mtu akikosea chanya na hasi wakati wa kuazima moto kwa gari jingine, fyuzi kubwa ndiyo hukatika kwanza, na wengi wamebadilisha boksi zima kwa ajili ya fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, kaza na safisha nguzo ya waya mnene wa volti 12 inapotoka kwenye inveta. Kutu hapo hufanana kabisa na ugonjwa wa ndani.

Hatua ya 2: soma misimbo na namba yake ndogo

Kifaa kidogo cha Bluetooth na programu ya simu vitakupa msimbo mkubwa tu. Kwa Toyota hiyo ni nusu ya habari. Chini ya kila msimbo wa mfumo wa haibridi kuna namba ya tarakimu 3, INF, inayosema ni kitu gani hasa kilichoonekana. Tumia Techstream, programu ya Toyota yenyewe ya kupimia magari, au skana yoyote inayoingia ndani ya kompyuta ya haibridi na kuonyesha INF pamoja na kumbukumbu ya hali ya gari hitilafu ilipotokea: joto, volti, mwendo.

Misimbo ya kuzingatia ni hii. P0A78 inahusu inveta ya MG2. P0A7A inahusu inveta ya MG1. P0A94 inahusu kipandisha volti. P0A93 yenye INF 346 ni upoaji. P0AA6 ni umeme mkubwa unaovuja kwenda kwenye bodi. P0A0D ni mnyororo wa usalama ulio wazi: kifuniko cha inveta hakijafungwa vizuri, au plagi ya chungwa haikusukumwa mpaka mwisho. Kwenye kizazi cha 2 mpini wa plagi hiyo una mwendo wa mwisho wa kutelezeshwa chini baada ya kuzungushwa, na wanaousahau ni wengi. Gari linagoma kuwa READY na mtu anaanza kutafuta inveta. P0A3F na P0A4B ni resolva, yaani sensa zinazosoma mzunguko wa MG2 na MG1. Ukiziona pamoja na P0A78 au P0A7A, kagua plagi na waya za resolva kwanza, kwani kompyuta isiyojua mota iko pembe gani haiwezi kuipa umeme ipasavyo. P0A80 ni betri kubwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kabla ya kufuta chochote, angalia joto kwenye skana gari likiwa limelala usiku mzima. Joto la inveta ya MG1, la MG2 na la kipandisha volti lipishane nyuzi chache tu na likaribie joto la hewa ya asubuhi. Moja ikisoma 90 alfajiri wakati nyingine zinasoma 22, una sensa mbovu au plagi mbovu, hakuna moto wowote.

Kisha futa, endesha, uone kinachorudi. Mmoja aendeshe, mwingine asome volti mbili zinazoitwa VL na VH: kabla na baada ya kupandishwa. Gari likikanyagwa kwenye kilima, kwa mfano ukipanda kuelekea Makindye, VH inapaswa kupaa mbali juu ya VL. VH ikibaki imeng'ang'ania palipo VL huku gari likikosa nguvu na P0A94 ikarudi, kipandisha volti kimeshikwa na ushahidi.

Hatua ya 3: upoaji

Hii ni sababu mojawapo inayoua inveta, na ni ya bei ndogo kuitibu mapema. Inveta ina mzunguko wake wa kulanti, chupa yake na pampu yake ya umeme, mbali na injini. Injini inaweza kuwa baridi kabisa huku inveta ikiungua.

Fungua kifuniko cha chupa ya inveta gari likiwa baridi, uliwashe hadi READY na uangalie ndani. Kulanti inapaswa kutembea na kuvurugika kwa msukumo wa pampu. Ikiwa tuli kama maji ya kisimani, pampu haifanyi kazi au kuna hewa imekwama. Kwenye kizazi cha 2 pampu hii ni maarufu kwa kufa, na Toyota iliita magari kwa sababu yake mwaka 2012. Pima umeme kwenye plagi ya pampu: volti 12 zipo na pampu iko kimya, badilisha pampu. Hazipo, fuata fyuzi na rilei. Kwenye kizazi cha 3 pampu huamrishwa na kompyuta kupitia waya wa ziada, kwa hiyo kuwepo kwa volti 12 peke yake hakutoshi: tazama kutu ndani ya plagi, na uangalie kama kuna P0C73.

Kulanti sahihi ni ya waridi ya Toyota, ambayo imekwisha kuchanganywa na maji, usiiongeze tena. Ya kijani iliyomwagwa juu ya ya waridi hufanya tope, na maji ya bomba huacha magadi kwenye vijitundu vyembamba vilivyo chini ya transista. Ukikuta kulanti ya rangi ya kutu, safisha mzunguko wote kwa maji yaliyochujwa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, mpaka yatoke meupe. Pima ulichokimwaga na urudishe kiasi hicho hicho. Kama kimerudi kidogo, kuna hewa. Acha gari READY na chupa wazi, ukiongeza pole pole mpaka povu liishe.

Usisahau mbele. Vumbi la murram na nsenene (panzi) wa barabara ya Masaka huziba mapezi ya rejeta, na kulanti inayotembea vizuri haipoi kama hewa haipiti. Osha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya presha ya waosha magari hulaza mapezi na kukuachia tatizo jipya.

Hatua ya 4: P0AA6, umeme unaovuja

Huu ndio msimbo unaowafanya watu waondoe inveta zisizo na kosa. Umeme mkubwa haupaswi kugusa bodi hata kidogo, na kompyuta huupima muda wote. INF inakuonyesha mtaa wa kutafuta: 611 ni upande wa AC, 612 ni betri kubwa, 613 ni gia boksi na mota zake, 614 ni kebo na inveta. INF 526 peke yake maana yake uvujaji umeonekana lakini haujajulikana uko wapi. Ukiipata, washa gari READY, likae dakika moja, badilisha gia P, N na D huku breki imekanyagwa, halafu washa AC. Kila kitendo kinaunganisha au kutenga sehemu moja, na kompyuta hupata nafasi ya kutoa namba iliyo wazi zaidi.

Kwa 611, uliza lini AC iliongezwa gesi na nani aliiongeza. Kompresa ya umeme inatumia oili ya ND-11, kwa sababu koili zake za umeme mkubwa zinaogelea humo ndani. Fundi wa AC anayetumia PAG, oili ya kompresa za magari ya kawaida, anaivunjia kompresa kinga, na uvujaji hauishi mpaka mfumo mzima usafishwe au kompresa ibadilishwe. Hata mashine ya gesi iliyobakiwa na PAG kwenye mipira yake inatosha kuleta balaa.

Kwa nyingine, unahitaji mega, kipimo cha kuhami kinachosukuma volti 500. Gari likiwa limekatwa umeme kama ilivyoelezwa, toa kebo kwenye inveta, na usipige mega kwenye inveta yenyewe, utaiunguza kompyuta yake. Gusa kebo ya U ya MG2 na bodi, usome. Rudia V na W, halafu za MG1, halafu kebo ya kompresa. Kebo na koili zenye afya husoma megaomu 10 na kwenda juu. Kompresa husoma pungufu kidogo, lakini ikishuka chini ya megaomu 1 usiiamini. Usomaji wa kiloomu popote ni kosa, wala hauhitaji mjadala.

Uvujaji unaokuja baada ya mvua na kutoweka saa sita mchana ni unyevu. Tafuta maji kwenye plagi za kebo na chini ya zulia la buti, hasa gari lililopita kwenye mafuriko ya Bwaise. Na kama INF ni 613, uliza gia boksi ilitiwa oili gani: ni ATF WS peke yake, kwa kuwa nayo inazigusa koili.

Hatua ya 5: kupima transista

Umefika hapa ikiwa betri ndogo ni nzima, kulanti inatembea, hakuna uvujaji, na P0A78, P0A7A au P0A94 bado inarudi. Umeme umekatwa, umesoma 0 kila mahali. Toa kebo za MG1 na MG2 kwenye inveta, ili usipime mota ukidhani ni inveta. Weka multimita kwenye alama ya dayodi.

Kila IGBT ina dayodi pembeni yake, na hiyo ndiyo inayokupa dalili. Waya mwekundu wa multimita uweke kwenye hasi ya umeme mkubwa wa upande uliopandishwa, mweusi kwenye U. Utasoma kati ya 0.3 na 0.5. Hamia V, kisha W. Sasa mweusi uweke kwenye chanya na mwekundu kwenye U, V, W: tena 0.3 hadi 0.5. Hivyo ni vipimo 6 kwa MG2 na 6 kwa MG1. Namba halisi si muhimu sana. La muhimu ni zifanane. Tano zikisoma 0.38 na ya sita ikasoma 0.00, transista hiyo imepiga shoti na inveta imehukumiwa.

Geuza waya na urudie. Sasa isipitishe, lakini usishtuke multimita ikianza na namba ndogo inayopanda taratibu: ni kapasita inajaa kwa umeme wa multimita. Subiri itulie. Kati ya chanya na hasi kuna pia rezista ya kumwaga umeme, kwa hiyo usitegemee kuona mstari uliokatika kabisa hapo.

Kipandisha volti hupimwa vivyo hivyo. Mwekundu kwenye chanya inayotoka kwenye betri, mweusi kwenye chanya iliyopandishwa: usome dayodi moja. Mwekundu kwenye hasi, mweusi kwenye chanya ya betri: dayodi moja tena. Sifuri kwenye mojawapo ni shoti. Shoti ya aina hii inaweza kuwa imekata pia fyuzi ya ampia 125 iliyo ndani ya plagi ya chungwa ya Prius, basi ipime nayo.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinakamata shoti, hakikamati transista inayogoma kufunguka wala solda iliyopasuka inayoachia ikipata joto. Kizazi cha 3 kina historia hiyo: Februari 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani kwa sababu programu ya kipandisha volti iliruhusu transista zake kupata joto kupita kiasi zikikanyagwa sana. Magari mengi tuliyo nayo yamekuja ya mtumba kutoka Japani, na baadhi yaliondoka kabla ya kushughulikiwa. Tovuti ya Toyota ya Japani ina ukurasa wa kutafutia kwa namba ya chasi. Kwa hiyo Prius ya kizazi cha 3 inayopima vizuri ikiwa baridi, lakini kila ikipanda mlima inatoa P0A94 huku kulanti ikitembea, ina inveta mbovu hata kama dayodi zote 12 zinafanana.

Hatua ya 6: pima mota kabla ya kufunga nyingine

Inveta ikihukumiwa, usikimbilie sokoni. Koili ya mota iliyogusana ndani itaiua ya pili ndani ya sekunde chache. Mega ulishaipiga kwenda kwenye bodi. Sasa pima U na V, V na W, W na U. Ukinzani wake ni mdogo kuliko omu 1, multimita ya kawaida itakuonyesha ukinzani wa waya zake yenyewe, basi azima mita ya miliomu. Zote tatu zilingane. Kisha, kebo zikiwa zimetolewa na hazigusani, inua gurudumu la mbele na ulizungushe: likizunguka laini, vizuri. Likishikashika wakati hakuna kilichounganishwa, shoti imo ndani ya mota.

Kununua na kufunga

Beba picha ya kibandiko cha inveta yako, chenye namba ya vifaa inayoanza na G92, na usikubali "hii ni ile ile" kwa macho. Ya Aqua na ya Prius zinafanana kwa mbali lakini volti hazilingani. Dai kupima dayodi pale pale dukani kabla ya kulipa, dakika 5 zinatosha. Mwuzaji akikataa, nenda duka la pili. Chungulia mirija ya kulanti: tope kavu au kutu ndani ni inveta iliyopikwa. Vishikizo vya plastiki vilivyovunjika na kutu kwenye nguzo ni dalili ya gari lililozama au kugongwa.

Kubadilisha transista moja moja kwa chuma cha kuchomea hatukushauri. Zimekaa juu ya bamba la kupoza kwa tabaka jembamba ambalo karakana ya kawaida hairudishi sawa, na gari hurudi baada ya muda mfupi. Badilisha moduli nzima ya transista, au boksi lote.

Wakati wa kufunga, kaza boliti za kebo za chungwa kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Boliti iliyolegea hupata joto na kuyeyusha plastiki, iliyokazwa mno hupasua nguzo. Hakikisha U, V na W zimerudi mahali pake. Jaza kulanti, rudisha plagi ya chungwa mpaka mwisho wa mwendo wake, kisha waya hasi wa betri ndogo. Washa bila kuweka READY kwanza, futa misimbo, ndipo uende READY.

Endesha angalau nusu saa pamoja na kilima kimoja kirefu, skana ikiwa imeunganishwa. Joto la MG1, MG2 na kipandisha volti lipande polepole na lishuke unapopunguza mwendo. Ikiwa moja inapanda peke yake, simama, kuna hewa au tope upande huo. Baada ya siku 3 au 4 gari lirudi likiwa baridi, uangalie kiwango cha kulanti kwenye chupa ya inveta na uongeze kilichopungua. Kikipungua tena mara ya pili, kuna mrija au mpira unaovuja.